Sokwe Yupi, wa Wapi: Niliyojifunza Katika Misitu ya Ziwa Tanganyika

Hifadhi za Taifa za Gombe na Mahale zote mbili ziko kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, na umbali uliopo kati yake haufiki kilomita 200, lakini sokwe wake hawaishi kwa desturi moja. Michikichi ipo kote kuwili; sokwe wa Gombe hula chikichi kwa bidii, na wale wa Mahale hupita chini ya mti huohuo kana kwamba hauzai. Siafu nao wapo kote kuwili; wa Gombe huwachovya kwa fimbo ndefu iliyoambuliwa gome, wakawazoa kwa mkono na kuwatafuna upesi kabla ya kung'atwa, ilhali wa Mahale hawana habari nao. Hata katika kuchambuana manyoya kuna tofauti: Mahale wawili hukaa wakielekeana, kila mmoja akainua mkono mmoja juu na kuushika wa mwenzake, na kwa mkono uliobaki wakachambuana kwapani. Tabia hiyo ilielezwa na William McGrew na Caroline Tutin mwaka 1978, baada ya kuiona Mahale na kushangaa kwamba Gombe, walikokuwa wamekaa muda mrefu, hawakuwahi kuikuta.

Nimeanza na tofauti hizi kwa sababu ndizo zilizonifanya mtafiti. Nilipotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na shahada ya kwanza ya zoolojia, kichwa changu kilikuwa kimejaa sentensi zinazoanza na "sokwe hufanya", kwa kuwa hivyo ndivyo mitihani inavyotaka. Nilipelekwa Mahale kama msaidizi wa mradi, kwa meli ya Liemba hadi karibu na kijiji cha Mgambo kisha kwa mtumbwi, na huko nikakabidhiwa kwa mzee mmoja Mtongwe aliyekuwa mtafiti msaidizi tangu ujana wake. Jioni nilikuwa nikimsimulia niliyoyaona mchana, naye kila mara alinikatiza kwa upole: "Sokwe yupi, mwanangu?" Nikimwambia kwamba dume mmoja amempokonya mwenzake tunda, alitaka jina la dume, jina la aliyepokonywa, nani alikuwa karibu, na kama wale wawili walikuwa wamewinda pamoja juzi. Bila majina hayo, habari yangu kwake haikuwa habari.

Alikuwa na sababu. Utafiti wa Mahale ulianzishwa mwaka 1965 na Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto, miaka mitano baada ya Jane Goodall kufika Gombe Julai 1960, na ulijengwa juu ya watu wa pale, Watongwe, waliokuwa wakiijua milima hiyo kabla haijawa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Katika miaka ile ya mwanzo sokwe walivutwa kwa miwa na ndizi ili wazoee watu. Mwaka 1987 Mahale iliacha kabisa kuwalisha, na tangu hapo kumjua sokwe kukawa ni kumfuata kwa miguu, kwenye makorongo, tangu anapotoka kwenye kiota chake alfajiri hadi anapojenga kingine jioni. Mzee wangu alimtambua sokwe kwa mwendo wake akiwa amempa mgongo, kwa ukingo wa sikio lililochanika, na mara nyingi kwa sauti tu, akiwa ng'ambo ya bonde. Mimi ilinichukua msimu mzima wa mvua kufikia nusu ya hapo.

Mfano bora wa elimu ya namna hiyo ulitokea kabla sijafika. Novemba 1987 mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyekuwa mhifadhi na pia mwana wa ukoo wa waganga, walikuwa wakimfuata jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mnyonge, akilala sana mchana, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauendea mti mdogo ambao Watongwe huuita mjonso, akaambua gome la vitawi vichanga, akatafuna kiini chake na kunyonya maji yake machungu, huku sokwe wazima waliokuwa naye hawakushughulika nao. Siku ya pili alikuwa ameanza kurejea hali yake. Huffman angeweza kuandika tu kwamba sokwe amekula mmea mchungu. Mohamedi ndiye aliyemwambia kwamba huo ni dawa, ambayo watu wake huitumia kwa maumivu ya tumbo na minyoo. Makala yao ya mwaka 1989 ina majina ya wote wawili, na wanakemia wa Japani walipouchunguza mmea huo walikuta kemikali zenye nguvu dhidi ya vimelea. Huwa nawaambia wanafunzi wangu waangalie ni vitu vingapi vilihitajika ili jambo hilo lionekane: mtu anayejua kwamba Chausiku kwa kawaida halali hivyo, na mtu anayejua mjonso. Darubini haikuwa na mchango mkubwa.

Baadaye nilipokwenda kusomea shahada ya uzamili nilikutana na upande wa pili wa nidhamu hiyo, nao ni takwimu. Mwaka 1974 Jeanne Altmann, ambaye yeye na wenzake walianza utafiti wa kudumu wa nyani wa Amboseli nchini Kenya mwaka 1971, alichapisha makala kuhusu njia za kuchukua sampuli za tabia, na sidhani kama kuna makala nyingine iliyoathiri kazi yetu kiasi hicho. Hoja yake ni nyepesi kuielewa. Mtafiti anayeandika kila kinachomvutia jicho ataandika ugomvi, uwindaji na madume yanayopiga mashina ya miti kwa miguu. Jike anayekula majani kimyakimya huku mtoto akimnyonya hataingia kwenye daftari, ingawa hivyo ndivyo anavyoitumia sehemu kubwa ya maisha yake. Dawa yake ni kumchagua mnyama mmoja kabla, kumfuata kwa muda uliopangwa, na kuandika afanyalo, liwe la kusisimua au la kuchosha. Ukifanya hivyo kwa wanyama wote kwa zamu, majike wanaanza kuonekana.

Mimi niliwachagua majike. Wenzangu wengi walipenda siasa za madume, na siwalaumu, maana Mahale ina historia ya siasa inayoweza kushindana na ya binadamu. Nishida alieleza jinsi dume mzee Kamemanfu, asiyeweza tena kutawala, alivyokuwa akimuunga mkono leo Kasonta na kesho Sobongo, akihakikisha kwamba hakuna kati yao anayeweza kukaa juu bila yeye. Na Ntologi, aliyeongoza kundi M, mojawapo ya makundi ya sokwe wa Mahale, kwa zaidi ya miaka kumi, alikuwa akiwagawia nyama ya mbega wekundu washirika wake na kuwanyima wapinzani. Ni hadithi tamu. Lakini swali la mageuzi ni nani anaacha watoto, na swali hilo lina sehemu kubwa kwa mama.

Hapo ndipo nilipokutana na ugumu ambao hakuna bidii ya mtu mmoja inayoweza kuuondoa. Jike wa sokwe huanza kuzaa akiwa na miaka 13 au zaidi, hunyonyesha kwa miaka minne au mitano, na hupitisha takriban miaka mitano au sita kati ya mtoto na mtoto. Mtu akija kwa utafiti wa shahada ya uzamivu anaweza kumkuta mtoto ananyonya na kumwacha bado ananyonya. Mwaka 1997 Anne Pusey, Jennifer Williams na Goodall walipoonyesha kwamba watoto wa majike wenye hadhi ya juu Gombe huokoka zaidi, na kwamba mabinti zao hupevuka mapema, walikuwa wametumia kumbukumbu za miaka 35. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba hadhi kati ya majike ni jambo dogo, kwa sababu majike hugombana mara chache mno. Kumbe uchache wa ugomvi haukuwa na maana kwamba hadhi haina matokeo; matokeo yake yalikuwa yanalipwa polepole, kwa muda mrefu kuliko ruzuku yoyote ya utafiti.

Binti wa jike maarufu wa Gombe, Flo, aitwaye Fifi, ndiye kielelezo ninachokipenda. Hakuhama kundi alilozaliwa, alizaa watoto tisa, na wanawe watatu, Freud, Frodo na Ferdinand, kila mmoja kwa wakati wake alikuwa dume mkuu. Ungemsoma Fifi peke yake ungesema kwamba mabinti wa sokwe hubaki kwa mama. Ungesoma Mahale ungesema huondoka, maana huko wengi wao huhamia makundi mengine wanapokaribia kupevuka. Gombe takriban nusu hubaki. Hifadhi hiyo ni ndogo, makundi yake machache, na nje ya mipaka yake kuna mashamba na vijiji, na wengi wetu tunaona kwamba nafasi finyu ya kuhamia ni sehemu ya sababu. Yule mzee wangu wa Kitongwe angeuliza swali lake lilelile.

Nilipofika Gombe kwa ajili ya uzamivu, sehemu kubwa ya kazi yangu haikuwa msituni. Ilikuwa kusoma. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wasaidizi wa Gombe, wengi wao wakitoka vijiji vya Kigoma vilivyo jirani, wamekuwa wakimfuata sokwe kuanzia asubuhi hadi jioni na kuandika kwa mkono, kwa Kiswahili, masimulizi ya siku nzima pamoja na ramani na orodha ya waliokuwepo. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 waasi kutoka ng'ambo ya ziwa waliwateka watu wanne waliokuwa wakifanya utafiti huko. Waliachiwa baadaye, lakini watafiti wa kigeni hawakuruhusiwa kukaa kambini kwa muda mrefu. Miaka hiyo utafiti wa Gombe ulikuwa mikononi mwa Watanzania. Kumbukumbu haikukatika. Madaftari hayo baadaye yalikwenda Marekani, kwanza Chuo Kikuu cha Minnesota, kisha Duke, ambako yalikuwa yakitafsiriwa na kuingizwa kwenye kompyuta.

Kwangu, msomaji ambaye Kiswahili ndicho alichokulia, madaftari yale yalikuwa na utajiri ambao jedwali haliwezi kuubeba. Mwandishi mmoja ataandika kwamba jike "alimkwepa" mwenzake, mwingine kwamba "alimpisha", na katika kompyuta yote mawili yatakuwa alama moja ya kunyenyekea. Aliyemkwepa mwenzake alimwogopa, aliyempisha alimtambua. Sikuweza kutumia tofauti hiyo kama takwimu, maana sikujua kama kila mwandishi aliizingatia, lakini ilinielekeza mahali pa kutazama nilipokuwa msituni mwenyewe. Nitasema pia jambo ambalo limekuwa likinikera kwa muda mrefu: katika fani yetu watu walioona mambo makubwa kabisa mara nyingi wameishia kwenye aya ya shukrani. Aliyeshuhudia shambulio la kwanza la vita vya sokwe wa Gombe, Januari 1974, dume aitwaye Godi aliposhikwa na kupigwa na madume wa kundi la Kasekela, alikuwa Hilali Matama, Mtanzania. Hali inabadilika, lakini taratibu kuliko inavyopaswa.

Kwa kuwa nimeigusa vita hiyo, niendelee nayo kidogo, maana ndiyo watu wanaoniuliza zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi moja la Gombe, la Kasekela, liligawanyika, na wachache wakahamia kusini, bonde la Kahama. Kati ya 1974 na 1978 madume wote wa Kahama waliuawa au walitoweka, na madume waliohusika ni wale waliokuwa wamekua nao. Wakosoaji walisema kwamba chanzo ni ndizi: kambi ilikuwa imewagawia chakula na kuwafundisha kugombania mahali pamoja. Lilikuwa pingamizi la haki, na nilipokuwa mwanafunzi nililiamini kwa kiasi fulani. Jibu halikuweza kutoka Gombe. Mwaka 2014 Michael Wilson na wenzake walikusanya kumbukumbu za makundi 18 ya sokwe kote Afrika na kuhesabu mauaji 152, mengine yakishuhudiwa kwa macho, mengine yakikisiwa kutokana na maiti au kutoweka kwa wanyama. Kiwango cha mauaji hakikulingana na kiasi cha usumbufu wa binadamu, bali kilikuwa kikubwa palipokuwa na madume wengi na msongamano mkubwa. Kwa bonobo, ndugu zao wa ng'ambo ya Mto Kongo, walipata tukio moja tu linaloshukiwa. Kwa hiyo anayesema kwamba vita viko katika damu yetu kwa sababu viko kwa sokwe anawasahau bonobo, ambao wana ukaribu uleule na sisi.

Kuna usumbufu wa binadamu ambao hauna mjadala, nao ni magonjwa. Mwaka 1966 polio iliwapiga sokwe wa Gombe, na waliopooza walionekana wakijikokota. Mwaka 2006 ugonjwa wa kifua uliingia kundi M la Mahale na sokwe wapatao 12 wakafa au wakatoweka. Mtu anayewapenda sokwe na kuwakaribia ndiye njia kuu ya vimelea hivyo, na ndiyo maana leo anayekwenda Mahale huvaa barakoa, hukaa mbali nao mita zisizopungua 10, na akiwa na mafua habanduki kambini. Wageni hunung'unika kwamba picha hazipendezi. Mimi sina subira na manung'uniko hayo. Huohuo uchunguzi wa afya ulifunua jambo lililowagusa wanasayansi wa tiba: mwaka 2009 Brandon Keele, Beatrice Hahn na wenzao, wakitumia kinyesi na mkojo uliokusanywa Gombe bila kumgusa mnyama, walionyesha kwamba sokwe wenye virusi vya SIV, vilivyo ndugu wa VVU, walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba virusi hivyo haviwadhuru. Ilibidi kila sampuli iwe na jina la mwenyewe, na kila jina liwe na tarehe ya kuzaliwa na ya kufa.

Nikialikwa shuleni au kwenye mikutano ya vijiji, swali huwa moja, na huulizwa kwa tabasamu la mtego: je, sisi tumetokana na sokwe? Nimejifunza kutolikimbia na kutolifanyia mzaha. Huwaeleza kwamba hakuna mwanasayansi anayedai kwamba babu yetu alikuwa sokwe wa Gombe. Tunachosema ni kwamba sisi na sokwe tuna wazazi wa pamoja walioishi miaka takriban milioni sita au saba iliyopita, na tangu hapo kila upande umekwenda njia yake. Sokwe wa leo hakubaki nyuma akitungoja, naye amebadilika kwa muda huohuo. Jenomu yake, iliyochapishwa mwaka 2005, inatofautiana na yetu kwa asilimia 1.2 hivi tukilinganisha herufi mojamoja. Wazee wengi husikiliza kwa makini, kisha hushikilia wanachoamini, na mazungumzo huendelea kwa heshima. Nimegundua kwamba wanaoishi karibu na sokwe hawahitaji kushawishiwa kwamba mnyama huyu ana akili; wanachotaka kujua ni nani atalipa mazao.

Miaka ya karibuni nimehamishia kazi yangu bonde la Issa, kaskazini-mashariki ya Mahale, ambako msitu mnene ni vipande vyembamba kando ya mito na sehemu kubwa iliyobaki ni miombo, yaani pori la miti iliyoachana. Huko hakuna aliyewavuta sokwe kwa miwa, na kuwazoesha kulichukua zaidi ya miaka kumi. Wanasayansi walikuwa wamefundisha kwa muda mrefu kwamba babu zetu walisimama kwa miguu miwili kwa sababu misitu ilipungua na wakalazimika kutembea kwenye nyika. Issa ni mahali pa kulijaribu wazo hilo, maana ina mandhari inayofanana na ile inayodhaniwa kuwa ya zamani zile. Matokeo yaliyochapishwa Desemba 2022 na Rhianna Drummond-Clarke akiwa na Alex Piel, Fiona Stewart na wenzao yalikwenda kinyume na matarajio: sokwe wa Issa hawakukaa chini zaidi ya sokwe wa misitu minene, na zaidi ya asilimia 85 ya nyakati waliposimama kwa miguu miwili walikuwa juu ya miti, wakishika tawi kwa mkono na kufikia matunda. Haithibitishi kwamba babu zetu walifanya hivyo. Inalinyima wazo la zamani urahisi wake.

Swali langu mwenyewe huko ni la akina mama tena. Miombo huwa na kiangazi kikali, vyakula vimetawanyika, na jike hulazimika kwenda mbali akiwa amembeba mtoto. Ningependa kujua kama hilo hurefusha muda kati ya uzazi na uzazi, na kama mabinti wa huko hubaki kama wa Gombe au huhama kama wa Mahale. Vibali vya utafiti vya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na vya TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, ninavyo, ruzuku inayumba kama kawaida yake, na vijana wa vijiji vya jirani wanaandika kwa tableti, lakini nimewaomba wabaki pia na daftari la masimulizi ya Kiswahili, ili "alimpisha" na "alimkwepa" visipotee kabla mtu hajaamua kama ni kitu kimoja. Jibu litapatikana pale ambapo majike waliozaliwa mbele ya macho yetu watakuwa wamezaa wenyewe, na wakati huo mimi nitakuwa nimestaafu zamani, na daftari litakuwa mikononi mwa hao wanaojifunza sasa kuwatenganisha majike wawili wanaofanana masikio.